Nilivyoomba Timu Yetu Ishuke

Niseme mapema ili mtu asije akaniuliza baadaye: timu yetu ya Mbarara ilishuka daraja kwa sababu wachezaji wake hawakuwa na pumzi ya ligi kuu, na golikipa wake alikuwa anaogopa mipira ya juu. Hayo kila mtu aliyaona. Lakini mimi pia niliiombea ishuke, nikafunga kula kwa ajili hiyo, na hilo hakuna aliyeliona. Wenye akili wataniambia kwamba maombi ya mwanamke mmoja wa Rubondo hayawezi kumfundisha golikipa woga. Mimi mwenyewe najiambia hivyo. Haijanisaidia.

Tulitoka Kivu ya Kusini, Kongo, mwaka 1996 tukiwa watu wanne, tukafika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, tukiwa wawili, mimi na mume wangu. Habari ya wale wengine wawili siielezi hapa. Nasema tu kwamba walikuwa wadogo, na kwamba mume wangu, ambaye kule kwetu kicheko chake kilikuwa kinasikika mpaka kwa jirani wa tatu, alifika akiwa ameishiwa maneno. Alijenga nyumba Rubondo, upande mmoja wa kambi hiyo, akalima, akaenda kupanga foleni bombani na ndoo yake katikati ya wanawake bila kuona haya. Ukimuuliza neno alijibu. Kucheka, hapana. Mimi nililia sana, nikagombana na majirani, nikamgombeza hata Mungu, na nadhani huko kupiga kelele kulinisaidia. Yeye hakulia wala hakugombana na mtu. Niliishi na mtu huyo miaka sita au saba, nikamzoea jinsi mtu anavyozoea kidonda cha unyayo, akajifunza kukanyaga kwa upande.

Maharage ndiyo yaliyotupeleka Mbarara. Shamba letu lilipoanza kutoa zaidi ya tulichokula, mume wangu alikuwa akipanda Ijumaa lori la ndizi linalopitia Isingiro, akauza magunia mjini, akalala kwa watu wa kanisa letu walioishi Kakiika, kisha akarudi Jumamosi. Mnunuzi wetu alikuwa mzee Mwislamu wa pale mjini, tuliyemwita Hajji kama walivyomwita wote. Alikuwa na duka la nafaka, na kila Jumamosi saa nane alilifunga hata kama wateja wamesimama mlangoni. Siku moja alimkuta mume wangu amekaa juu ya magunia matupu akisubiri gari, akamwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Wewe nakaa hapa kufanya nini? Kuja, tunaenda kuona mpira."

Jumapili hiyo mume wangu alirudi wakati ibada imekwisha. Nilikuwa nimejiandaa kumsema. Kabla sijafungua mdomo alisimama katikati ya ua akaanza kunielezea mechi yote, dakika kwa dakika, akionyesha kwa miguu nani alimpitia nani. Alipofika pale ambapo ng'ombe mwenye pembe ndefu aliingia uwanjani, akasimama golini kwa wageni, na mwamuzi akawa anampulizia filimbi kana kwamba ni mchezaji, alishindwa kuendelea. Alikuwa anacheka. Alishika nguzo ya jiko akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mimi nilizunguka nyuma ya nyumba nikakaa chini kumsikiliza.

Tangu hapo nami nikawa nakwenda. Msinifikirie kwamba nilipenda mpira. Nilikwenda kumtazama mtu akicheka. Ila mpira nao una ujanja wake. Ukiusogelea kwa ajili ya mwingine, siku moja unajikuta umesimama unamtukana mshika kibendera.

Timu yetu wakati ule ilicheza daraja la chini. Uwanja ulikuwa na nyasi upande mmoja na vumbi upande wa pili, na sisi tulisimama pembeni karibu kiasi cha kusikia wachezaji wakihema. Timu za wageni zilikuja kwenye pikapu, zikitoka asubuhi bila kula, na kwa hiyo wanawake wa mashabiki walikuwa na desturi ya kupikia timu zote mbili. Mechi ikiisha, watu wote walikaa kando ya uwanja wakala. Wanyankole, wenyeji wa pale, walileta matoke. Wake za wafanyabiashara wa Kiislamu walileta chapati na chai ya tangawizi. Mimi nilileta bugali, yaani ugali, na sombe, kisamvu chetu chenye dagaa, ambao sisi tunawaita ndagala, na ilichukua wiki tatu tu wale vijana wa Mbarara kuacha kuuliza ni majani gani haya. Beki wetu wa kushoto alikuwa akija kufunua sufuria yangu kabla hata ya mechi kuanza, nami nikimpiga kwa mwiko.

Sheria ya chakula kile ilikuwa moja: aliyefungwa hupakuliwa kwanza. Na mpakuaji alikuwa mume wangu. Sijui nani alimpa kazi hiyo. Alichukua upawa akawazungukia waliofungwa, akimwekea kila mmoja na neno lake la utani, akimwambia huyu kwamba goli alilokosa hata bibi yake angelifunga akiwa amembeba mjukuu mgongoni, na wale vijana waliokuwa wamenuna walicheka huku midomo imejaa. Nilikuwa nikimtazama hapo nikisema moyoni, Mungu, unaweza kuacha mambo yabaki hivi hivi.

Yalibaki hivyo miaka kadhaa. Kisha timu ikaanza kushinda kupita kawaida yake.

Hapa lazima nieleze jambo la kanisa letu. Ni kanisa dogo la matofali mabichi, na lina utaratibu mkali kuhusu maombi. Ukifunga kula kwa ajili ya jambo, hakuna anayeruhusiwa kukuuliza ni jambo gani. Lakini ukijibiwa, iwe uliomba hadharani au kwa siri, lazima usimame siku ya Jumapili ushuhudie mbele ya watu. Ukinyamaza unamwibia Mungu sifa yake, na wazee wetu wanasema jambo lenyewe litakuozea mkononi. Tumeona watu wakishuhudia kupata mbuzi aliyepotea. Tumeona mwanamke akishuhudia kwamba aliomba mama mkwe wake ahamie kambi ya Rwamwanja, na mama mkwe akahama.

Basi zilipobaki mechi tatu, mume wangu alisimama kanisani akaomba watu wafunge siku tatu ili timu ipande ligi kuu. Mchungaji wetu, ambaye naye ni mtu wa Kivu, alimtazama kwa huruma akamwambia, "Papa, Mungu hana ekipe, hana timu." Mume wangu akamjibu, "Kama hana, njo akamate yetu." Kanisa zima liliangua kicheko, mchungaji naye akacheka, na watu wakafunga. Nami nilifunga. Timu ikapanda. Jumapili iliyofuata mume wangu alipeleka kuku madhabahuni, akashuhudia, na wanakwaya wakaimba kana kwamba tumevuka bahari ya Shamu.

Sasa nikuulize wewe uliyewahi kuipenda timu ndogo: timu ikipanda ligi kuu, ni nani anayepanda? Hajji alisema tumepanda sote. Alinunua kofia mpya. Sisi wanawake tulipika siku mbili kwa ajili ya mechi ya kwanza, na tulipofika uwanjani tukakuta umezungushiwa mabati. Kijana mmoja mpya wa ofisi ya timu, mwenye kalamu mfukoni, alitupokea kwa heshima zote, akatuita mama zake, akatushukuru kwa kazi ya miaka yote, akaeleza kwamba sasa chakula cha wachezaji kina mpangilio na watakula hotelini. Wageni walikuja na basi lao na chakula chao. Nilirudi Rubondo na sufuria ya sombe imejaa kama nilivyoibeba. Tulikula mimi na mume wangu, tukagawia majirani, na siku ya tatu nikaimwaga.

Tulifungwa mechi hiyo mabao manne. Tukafungwa iliyofuata. Mechi nyingine zilipangwa katikati ya wiki, siku ambazo mtu wa Rubondo yuko shambani, na kiingilio kilikuwa kimepanda pamoja na timu. Mashabiki walianza kugombana wao kwa wao, jambo ambalo hatukulijua tulipokuwa chini. Kocha akafukuzwa. Hajji akaanza kuacha duka wazi Jumamosi mchana. Nilipomuuliza aliniambia kwamba hana haja ya kulipa ili aaibishwe, kwa kuwa nyumbani anao wake wawili.

Mume wangu alinunua betri za redio. Kila Jumatatu saa saba mchana aliacha jembe, akakaa kwenye kigogo nyuma ya nyumba, akaiweka redio magotini na kusikiliza habari za michezo. Baada ya matokeo walikuwa wakisoma msimamo wa ligi, timu moja moja kutoka juu kwenda chini. Yeye alisikiliza ameinamisha kichwa, kiganja kimefunika mdomo, mpaka wafike kwetu, mwisho kabisa au mmoja kabla ya mwisho. Kisha alizima redio, akakaa kidogo, akarudi shambani. Nikimuuliza, alijibu neno moja: tumefungwa. Hakukuwa na hadithi za miguu uani. Hakukuwa na ng'ombe golini.

Nilimtambua yule mtu. Alikuwa ni yule niliyefika naye Nakivale. Nilimwona amekaa juu ya kigogo kile, na nikaogopa kuliko nilivyoogopa njiani, kwa sababu njiani nilikuwa kijana na nilidhani mambo hupita.

Nikaanza kufunga kula, Jumatano na Ijumaa. Nilimwomba Mungu aishushe timu ile arudishe Jumamosi zetu, amrudishie mume wangu kicheko. Nilijua ninachofanya. Watu walikuwa wamefunga hadharani, Mungu akajibu, kuku akatolewa, na mimi nilikuwa nakwenda nyuma ya migongo yao kumwomba Mungu yuleyule avunje alichojenga. Niliomba hivyo hivyo. Mume wangu aliona sili, na kwa utaratibu wetu hakuuliza. Jioni ya siku za kufunga aliniwekea uji.

Nilikuwa nikijiambia kwamba namwombea yeye tu. Ulikuwa ukweli nusu. Nilikuwa nataka pia sufuria yangu ifunuliwe, na yule beki apigwe mwiko, na watu wa mji wanijue kama mama wa sombe na si mkimbizi mwenye maharage. Hilo sikulisema katika maombi. Nilidhani Mungu hataliona nikiliweka chini ya lile jingine.

Timu ikashuka. Siku ya mechi ya mwisho tulisikiliza pamoja. Walihitaji sare, wakawa nayo mpaka karibu na mwisho, kisha mpira wa juu, yule golikipa, basi. Mpanda ngazi hushuka, mtangazaji akasema, na akacheka. Mume wangu alizima redio akaenda kupalilia. Mimi niliingia ndani nikapiga magoti nikashukuru. Nilishukuru kwa moyo wote, sifichi.

Lakini sasa nilikuwa na ushuhuda mkononi. Jumapili ya kwanza mchungaji aliuliza nani ana ushuhuda, nikatazama sakafu. Ya pili hivyo hivyo. Usingizi ukaniisha. Nikaona afadhali nianze na mwenye jambo mwenyewe, na kusema kweli nilidhani atafurahi. Siku moja mchana tulikuwa tunapukuchua maharage, yeye upande mmoja wa turubai na mimi upande wa pili. Nikamwambia yote: Jumatano, Ijumaa, nilichoomba na kwa nini. Nikamwambia Jumamosi zimerudi, tutapika tena, utapakua tena.

Aliendelea kupukuchua mpaka ganda lililokuwa mkononi mwake likaisha. Kisha akasema, taratibu, bila hasira yoyote, "Mama, miye sikukuwa na huzuni. Nilikuwa nasikiliza. Banasoma ba kwanza, banasoma ba pili, banaenda tu mpaka ku mwisho, na ku mwisho banatusoma sisi. Uganda yote inasikia. Tangu tufike hapa, jina yetu inasomwaka fasi gani? Ku mgao ya chakula tu."

Nikamwambia kwamba alikuwa hacheki. Kwamba nilimwona kwa macho yangu, kila Jumatatu, amejifunika mdomo.

"Kule chini nilikuwa nachekaka," akasema. "Kule juu nilikuwa mutu."

Nilikuwa nimelala kitanda kimoja na mtu huyo zaidi ya miaka ishirini. Nilimwona amekaa na kitu chake kimoja cha fahari, amekikumbatia magotini, nikadhani ni msiba, nikaenda kumwomba Mungu akichukue. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu hakusubiri kuwa mjukuu. Aliketi pale pale kwenye turubai.

Nilidhani atakasirika, angalau siku mbili tatu, ili nami nipate mahali pa kuomba msamaha. Hakukasirika. Jumapili mchungaji alipouliza nani ana ushuhuda, mume wangu, aliyekuwa kiti cha pili kutoka kwangu, aliinama akaniambia nisimame, nisimwibie Mungu. Nilitikisa kichwa. Akasema tena, "Simama, mama. Alikusikia."

Nikasimama. Nikasema mbele ya watu wale wale waliofunga siku tatu kwamba mimi niliomba timu ishuke, na imeshuka, jina la Bwana lisifiwe. Kisha mtu mmoja nyuma akacheka, na kanisa lote likafuata, wazee, wanakwaya, mchungaji ameshika mimbari asianguke, watu wakigongana mabega na kusema kumbe ndiyo maana, kumbe adui alikuwa jikoni. Kilikuwa kicheko kizuri, cha watu wanaopendana. Sikumbuki kama kanisa lile limewahi kucheka hivyo. Niligeuka kumtazama mume wangu. Alikuwa anapiga makofi pamoja na wengine, polepole, akitazama mikono yake.

Msimu mpya ulipoanza tulikwenda Mbarara na sufuria. Mabati yalikuwa yametolewa. Hajji alinipokea kama dada yake aliyetoka safari. Tulishinda mabao matatu bila, dhidi ya vijana wembamba waliokuja kwenye pikapu, na wanawake walifunua vyakula, na watu wakakaa chini kama zamani. Mume wangu alichukua upawa akawapakulia wageni kwanza. Aliwajazia sahani vizuri, akampa kila mmoja pole ya mpira. Mmoja wao, aliyekuwa amekosa penalti, alimtazama akisubiri kitu, pengine alikuwa amesikia habari za mzee huyu na utani wake. Mume wangu alimwongezea ndagala. Kisha akaja kukaa karibu yangu, akala, akasema sombe ni tamu, na jua likiwa bado juu akaniuliza kama nimemaliza twende.

Aliendelea kuja nami hivyo, Jumamosi zote, mpaka alipougua na kufariki miaka miwili baadaye, timu ikiwa bado chini. Hajji alikuja Rubondo kwenye mazishi. Alikaa nami kwenye mkeka, akanieleza kwamba aliwahi kumuuliza mume wangu kwa nini hachoki kuja uwanjani, ilhali mtu yeyote mwenye macho anaona kwamba mpira haumfurahishi tena. Mume wangu alimjibu kwamba mke wake anaupenda.